Shajara ya mradi: wahitimu saba, mfuko mmoja wa kutafuta kazi

Mradi unawahusu wahitimu saba wanaoishi Manispaa ya Morogoro: wanne wa shahada, watatu wa stashahada. Fani: uhasibu wawili, kilimo wawili, ununuzi na ugavi mmoja, teknolojia ya maabara za afya mmoja, maendeleo ya jamii mmoja. Kila mmoja alichanga Sh 60,000, mfuko ukawa Sh 420,000. Sababu ya kuchanga ni kwamba gharama za kutafuta kazi huja kwa mkupuo, na mtu akiwa peke yake hukwama katikati: ana nafasi ya kuomba, hana hela ya wakili wa kugonga muhuri nakala za vyeti, ameitwa usaili, hana nauli.

Daftari ni moja. Kila ombi linaandikiwa tarehe, jina kamili la nafasi, vilivyoambatishwa, kilichotumika na jibu. Anayetaka kuiga aanze na daftari hilo kabla ya kuchanga hata senti. Bila daftari mtu anaomba kazi mwaka mzima na hajui anaangukia wapi.

13 Januari 2025: kukagua makaratasi

Siku mbili zilikwenda kwenye vyeti peke yake, na hazikutosha. Kila mtu alitandaza mezani cheti cha kuzaliwa, cha kidato cha nne, cha sita kwa waliofika, cha chuo pamoja na matokeo yake ya masomo yote, na namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa. Tukasoma majina herufi kwa herufi, mmoja anasoma kwa sauti, mwingine anafuata kwa kidole.

Kati ya saba, watatu walikutwa na kasoro. Wa kwanza jina la babu linaisha kwa "Omari" kwenye cheti cha kuzaliwa na "Omary" kwenye cheti cha kidato cha nne. Wa pili ana majina matatu kwenye cheti cha kuzaliwa na NIDA, lakini cheti cha chuo kina mawili tu. Wa tatu tarehe ya kuzaliwa ya NIDA haifanani na ya cheti. Hili la tarehe lina uzito wake: namba ya NIDA ina tarakimu 20 na inaanza na mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa, kwa hiyo kosa limo ndani ya namba yenyewe na litaonekana kila mahali namba itakapotumika. Huyo alianza kufuatilia marekebisho ofisi ya NIDA ya wilaya wiki hiyo hiyo, akiwa na cheti cha kuzaliwa mkononi.

Kasoro ya nne ilikuwa ya aina nyingine. Mmoja hakuwa na cheti cha chuo, alikuwa na karatasi ya matokeo ya muda tu. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma yanasema wazi kwamba matokeo ya muda, barua za ushuhuda wa shule na hati za matokeo ya kidato cha nne na sita hazikubaliwi. Cheti kilikuwa kimezuiwa na chuo kwa sababu fomu ya kuondoka chuoni haikusainiwa maktaba: kitabu kimoja hakikurudishwa. Kitabu kikarudi, fomu ikasainiwa, cheti kikatoka baada ya wiki tatu. Maombi mawili aliyokuwa ametuma kabla ya hapo tunayahesabu yalikufa siku yalipotumwa.

Gharama: nakala 35 kugongwa muhuri na wakili kwa Sh 2,000 kila moja, Sh 70,000. Picha za pasipoti saba kwa Sh 3,000, Sh 21,000. Kuskani karatasi 42 kwa Sh 500, Sh 21,000. Jumla Sh 112,000.

3 Februari 2025: akaunti za Ajira Portal na muhuri usioonekana

Kufungua akaunti kwenye Ajira Portal, mfumo wa mtandaoni wa kuomba kazi za serikali, ni kazi ya jioni moja na ni bure. Kuomba pia ni bure. Atakayekudai hela ya kuomba kazi ya serikali ni tapeli, na hapo hakuna cha kujadili.

Kilichotuangusha ni skani. Nakala 16 zilipitishwa kwenye mashine ya steshenari iliyowekwa rangi nyeusi na nyeupe. Muhuri wa wakili ulikuwa wa buluu hafifu. Kwenye faili umebaki kivuli cha duara, jina la wakili halisomeki. Anayechuja maombi hana sababu ya kubahatisha kama lile duara ni muhuri. Zikarudiwa kwa Sh 8,000. Utaratibu tunaoufuata sasa hauruki hatua: toa nakala safi ya cheti halisi, peleka kwa wakili pamoja na cheti halisi ili alinganishe, hakikisha muhuri, sahihi na tarehe viko upande wa mbele, ndipo uskani kwa rangi. Faili moja kwa cheti kimoja, aina ya PDF, ukubwa usiozidi unaokubaliwa na mfumo na lipewe jina linaloeleweka. Kabla ya kupandisha, lifungue kwenye simu, likuze, usome maandishi ya muhuri. Usiposoma wewe, hatasoma mwingine.

Picha za simu zilijaribiwa na mbili zikaachwa: kivuli cha mkono kilikaa juu ya alama za masomo.

Kosa la pili ni kwenye kujaza sifa za elimu. Mfumo una orodha ya kozi, na mwombaji anachagua. Mmoja wa kilimo alichagua jina la kozi lililo karibu na lake badala ya lake hasa. Ombi lilikataliwa na sababu ikaandikwa kwenye akaunti: sifa haziendani. Watu wengi huangalia kama jina limo kwenye tangazo la kuitwa usaili, likikosekana wanaondoka. Ingia kwenye akaunti, fungua orodha ya maombi yako, soma sababu. Ndiyo njia ya bei rahisi kuliko zote ya kujua kosa lako.

Bando la mwezi kwa wote, Sh 15,000.

17 Februari 2025: majina

Kwa yule wa "Omari" na "Omary" tulianza na kiapo cha wakili, kwa sababu ni rahisi na kinatoka siku hiyo hiyo. Tukakiacha kabla hakijalipiwa. Kiapo kinaeleza kwamba majina mawili ni ya mtu mmoja. Matangazo yanataka aliyebadili jina alete hati ya kubadili jina, ambayo mawakili huiita dipoli, na hati hiyo lazima isajiliwe kwa Msajili wa Hati. Wakili akiiandaa na kuigonga muhuri bila kusajiliwa, bado ni karatasi tu. Kuandaa, kusajili na nauli vilifika Sh 65,000.

Uamuzi mgumu ni jina lipi libaki. Tulichagua linalofanana na vyeti vya shule, kwa kuwa ndivyo vingi na ndivyo vigumu kubadili. Aliyekuwa na majina mawili kwenye cheti cha chuo alirudi chuoni kuomba waangalie usajili wake wa mwanzo. Kosa lilikuwa la chuo, wakatoa cheti kipya bila malipo. Kwa hiyo kabla ya kwenda kwa wakili, uliza kwanza kosa ni la nani.

Jumla hadi leo: Sh 200,000. Karibu nusu ya mfuko imekwisha na hakuna aliyekaa mbele ya msaili. Hilo liliwaumiza baadhi yetu, lakini nani angepokea maombi yenye kasoro zile?

10 Machi 2025: barua na jina la nafasi

Maombi tisa ya serikali yametumwa mwezi huu, mawili yameanguka kwa barua. Moja halikuwa na sahihi ya mkono. Jina lilipigwa chapa tu. Suluhisho: chapisha, saini kwa kalamu ya buluu, skani. Lingine liliandikwa "Yah: Maombi ya nafasi ya Mhasibu Daraja la II" wakati mwombaji alikuwa anaomba Afisa Hesabu Daraja la II. Masikio huyasikia kuwa kitu kimoja, lakini kwenye muundo wa utumishi ni nafasi mbili: Mhasibu anatakiwa kuwa na CPA, cheti cha kitaaluma cha bodi ya wahasibu, NBAA, Afisa Hesabu anaingia kwa shahada. Mtu asiye na CPA aliyeandika "Mhasibu" amejiondoa kwa kalamu yake mwenyewe.

Usajili wa bodi umetukamata pia. Nafasi za Afisa Ugavi zinataka usajili wa PSPTB, bodi ya wataalamu wa ununuzi na ugavi, na mwenzetu wa ununuzi alidhani shahada inatosha hadi atakapopata kazi. Wa maabara naye hapokelewi hospitali yoyote, ya umma au binafsi, bila usajili wa Baraza la Wataalamu wa Maabara za Afya. Usajili wa bodi ulipiwe kabla ya suti, kabla ya kozi fupi ya kompyuta, kabla ya kitu kingine chochote. Hawa wawili wamelipa wenyewe nje ya mfuko kwa kuwa leseni ni ya mtu, haigawiki.

Utapeli: jumbe tatu zimeingia kwenye simu za kundi mwezi huu. Mmoja ulikuwa na nembo, muhuri na sahihi, ukimpongeza mtu kwa kuchaguliwa na kumtaka atume Sh 35,000 za vipimo vya afya kwa namba ya simu ya mtu binafsi. Dalili ilikuwa moja na ilitosha: aliyechaguliwa hakuwa ameomba kazi kwenye taasisi hiyo, na daftari lilionyesha hivyo. Wakala halali wa ajira humtoza mwajiri, si mtafuta kazi. Ofisi ya serikali ya huduma za ajira huandikisha watafuta kazi bila malipo, na wote saba wamejiandikisha huko.

14 Aprili 2025: sekta binafsi, barua pepe 38 na barua za mkono 26

Kati ya katikati ya Februari na mwisho wa Machi zilitumwa barua pepe 38 kwa kampuni na mashirika, zenye maneno yale yale. Jibu lilikuja moja, la kukataa kwa heshima. Tukazisoma upya kwa macho ya anayepokea. Barua zote zilikuwa na sentensi hii au ndugu yake:

"Mimi ni mchapakazi, mwaminifu na niko tayari kufanya kazi katika mazingira yoyote."

Mwenye duka la pembejeo au mwenye kinu cha mpunga hawezi kuifanyia chochote sentensi hiyo. Haimwambii Jumatatu asubuhi utashika nini. Tukaiondoa kabisa, tukamwuliza kila mmoja: biashara hii inapoteza hela au usingizi wapi, na wewe unaweza kuziba wapi?

Kwa uhasibu jibu lilipatikana kwenye kalenda ya kodi. Mwajiri anatakiwa kuwasilisha PAYE, kodi inayokatwa kwenye mishahara, ndani ya siku saba baada ya mwezi kuisha, ritani ya VAT (taarifa ya kodi ya ongezeko la thamani) kufikia tarehe 20, na michango ya hifadhi ya jamii ya NSSF ndani ya mwezi unaofuata. Mwaka wa hesabu ukiwa wa Januari hadi Desemba, makadirio ya kodi ya mapato hulipwa kwa awamu nne: Machi, Juni, Septemba, Desemba. Mfanyabiashara wa kati mwenye watumishi wanane anazijua tarehe hizi kwa faini zake. Barua mpya ikasema: "Naweza kuandika mauzo na manunuzi kila siku, kulinganisha na risiti za mashine ya EFD kila Jumamosi, na kuweka ritani ya PAYE mezani kwako ifikapo tarehe 4 ili uipitie kabla ya tarehe 7."

Kwa kilimo, Morogoro ina bahati yake: maduka ya pembejeo ni mengi na TOSCI yenyewe, taasisi ya kuthibitisha ubora wa mbegu, iko hapa. Muuza mbegu anahitaji kusajiliwa na TOSCI, muuza viuatilifu yuko chini ya TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, na mtu aliyesomea anaongeza uhalali wa duka. Barua ikasema mhitimu atapanga viuatilifu kwa tarehe ya kuisha muda, atatenganisha na mbegu, na atamwandikia kila mkulima kipimo cha kuchanganya kwa bomba la lita 15 au 20.

Karatasi ni mbili tu: barua nusu ukurasa na wasifu ukurasa mmoja. Kurasa mbili za kuchapa Sh 400, bahasha Sh 300, jumla Sh 700 kwa barua. Barua 26, Sh 18,200. Daladala na bodaboda Sh 30,000. Zilipelekwa kwa mkono, Jumanne hadi Alhamisi, saa nne asubuhi hadi saa sita. Jumatatu mwenye biashara ana foleni ya wateja na wasambazaji, Ijumaa mchana hayupo. Usimwachie mlinzi bahasha ukaondoka. Uliza jina la anayehusika na siku anayopatikana, andika kwenye daftari, rudi. Kati ya barua tano zilizoachiwa walinzi hakuna iliyojibiwa.

Waliitwa watano, watatu wakapewa majaribio: mmoja wa uhasibu, mmoja wa kilimo, na wa maabara mara tu usajili wake ulipokamilika. Jumla hadi leo Sh 248,200.

12 Mei 2025: majaribio, mkataba na mshahara wa mdomoni

Majaribio yote matatu yalianza kwa maneno ya mdomo. Mmoja aliambiwa "jitolee kwanza tuone". Kujitolea tulikuwekea mipaka mapema: miezi mitatu isizidi, nauli na chakula vilipwe, na kiandikwe hata kwenye ukurasa mmoja. Mwajiri wa huyo alikubali baada ya kuletewa ukurasa umeshaandikwa, anachohitaji ni kusaini. Kumwambia "naomba mkataba" kulishindikana mara mbili. Kumpa karatasi kulifanikiwa siku ile ile.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri atoe maelezo ya kazi kwa maandishi: jina, mahali pa kazi, majukumu, tarehe ya kuanza, muda wa mkataba, saa za kazi, malipo. Saa za kawaida hazizidi 45 kwa wiki. Jambo ambalo wahitimu wengi hawalijui: mwenye chini ya miezi sita kazini kwa mwajiri huyo hawezi kudai kuachishwa isivyo halali kwa sheria hiyo. Ndiyo maana tarehe ya kuanza kazi iandikwe siku ya kwanza, si siku ya kupewa mkataba.

Mshahara nao ulileta mshtuko. Mwenzetu wa uhasibu alikubali Sh 500,000 akiihesabu yote kuwa yake. Hesabu ya kweli ni hii. NSSF asilimia 10, Sh 50,000, inabaki Sh 450,000 ya kukatiwa kodi. Sh 270,000 za kwanza hazina PAYE, Sh 180,000 zinazobaki zinakatwa asilimia 8, yaani Sh 14,400. Ana mkopo wa Bodi ya Mikopo, nao hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi, Sh 75,000. Mkononi inafika Sh 360,600. Akipanga chumba kwa kufikiria laki tano, mwezi wa pili atakuwa anakopa. Mwambie mwajiri kiasi unachohitaji mkononi, kisha rudisha hesabu nyuma kabla ya kutaja mshahara.

23 Juni 2025: usaili Dodoma, kosa la gharama kubwa kuliko yote

Wawili waliitwa usaili wa mchujo: Afisa Hesabu na Afisa Maendeleo ya Jamii. Usaili ulipangwa kwa mkoa wa makazi uliojazwa kwenye akaunti. Wote wawili walisoma Dodoma, walifungua akaunti wakiwa chuoni, na hakuna aliyebadili mkoa tangu arudi Morogoro. Tulikagua vyeti kwa siku mbili, hatukukagua mstari huo mmoja. Tangazo likitoka kituo hakibadilishwi.

Kwa mtu mmoja: nauli Sh 17,000 kwenda na Sh 17,000 kurudi, malazi usiku mbili Sh 40,000, chakula Sh 20,000. Sh 94,000, wawili Sh 188,000. Msailiwa hujigharamia kila kitu, tangazo linasema hivyo.

Namba ya mtihani hunakiliwa na msailiwa mwenyewe kutoka kwenye akaunti. Haitolewi pale mlangoni. Mmoja alisubiri hadi usiku wa kuamkia usaili, mtandao ukawa mzito, akaipata saa nane usiku. Inakili siku tangazo linapotoka, iandike kwenye karatasi. Beba vyeti halisi na kitambulisho ambacho jina lake linafanana na la akaunti.

Maandalizi yaliyosaidia ni orodha ya majukumu iliyo kwenye tangazo la kazi. Kila jukumu liligeuzwa kuwa maswali matatu. Kwa Afisa Hesabu tuliongeza mfumo wa malipo wa MUSE, viwango vya IPSAS vya hesabu za sekta ya umma na Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2023 pamoja na NeST, mfumo wa ununuzi huo wa mtandaoni. Madaftari ya chuo yalisaidia kidogo kuliko tulivyotarajia, kwa kuwa yanaeleza nadharia na maswali yanauliza utafanya nini.

Wa maendeleo ya jamii hakuvuka mchujo. Wa hesabu alivuka, akabaki siku tatu zaidi kusubiri mahojiano: malazi Sh 60,000, chakula Sh 30,000. Jumla kuu sasa Sh 526,200, tumezidi mfuko kwa Sh 106,200. Kila mmoja ameongeza Sh 15,200, ikabaki Sh 200.

8 Septemba 2025: hali ilivyo

Walioko kazini ni watatu: maabara kwa mkataba wa mwaka, uhasibu kwa mkataba wa maandishi, kilimo kwenye duka la pembejeo kwa mshahara na asilimia ndogo ya mauzo ya mbegu. Aliyefanya mahojiano hakupangiwa kituo. Aliyefaulu nafasi zikajaa huwekwa kwenye kanzidata na anaweza kuitwa bila kusailiwa upya, kwa hiyo ameambiwa asibadilishe namba ya simu na aendelee kuomba. Wa ununuzi amepata usajili wa PSPTB na maombi yake mawili ya mwisho yamepita hatua ya kuchujwa vyeti. Hati ya "Omari" imesajiliwa na imepandishwa. Marekebisho ya tarehe NIDA hayajatoka.

Mzunguko wa pili unaanza na Sh 30,000 kwa kila mmoja. Fungu la wakili limeshuka kwa kuwa nakala zipo. Fungu la usaili limepanda hadi Sh 150,000. Mkoa wa makazi umebadilishwa kwenye akaunti zote saba, na picha ya ukurasa huo imebandikwa kwenye jalada la ndani la daftari, pamoja na tarehe ya ukaguzi unaofuata: 1 Oktoba.